Takwimu zinasema mji mdogo ni shwari, kijiweni wanasema kila wiki kuna aliyevunjiwa: tuamini kipi?

#1 Mwananjia
Wakuu, habari za jioni. Naomba hili tulijadili kwa kina.

Kila taarifa ya uhalifu inapotoka, miji midogo inaonekana shwari kuliko Dar, Arusha au Mwanza. Lakini kaa kijiweni kwenye mji wowote wa njia panda, Makambako, Kibaigwa au Tunduma: kuku wameondoka wote bandani, betri ya sola imechomolewa, mita ya maji imekatwa usiku. Yote mawili hayawezi kuwa kweli.

Hoja yangu: daftari la kituoni linahesabu waliofika kaunta, halihesabu walioibiwa. Mtu akiibiwa mtungi wa gesi wa kilo 6 na ndoo mbili, anapiga hesabu ya nauli ya bodaboda kwenda na kurudi, na siku mbili za kufuatilia, ananyamaza. Wizi mdogo ndio mwingi, na ndio usioandikwa. Wenye ujuzi wa takwimu, sheria na ulinzi leteni nyama.

#2 Kipimo
Umegusa penyewe, lakini kuna tatizo la pili ambalo lingekuwepo hata kama kila mtu angeripoti: hesabu ndogo hudanganya.

Chukua mfano wa mji wa watu 30,000 wenye matukio 9 ya kuvunja nyumba kwa mwaka. Hiyo ni 30 kwa kila watu 100,000. Mwaka unaofuata yakiwa 14, kiwango kinapanda hadi karibu 47, na kwenye kikao mtu atasimama kusema uhalifu umepanda kwa asilimia 56. Tukio likiwa la nadra hivyo, idadi hupanda na kushuka yenyewe. Kipeuo cha pili cha 9 ni 3, zidisha kwa 2 upate 6. Kwa hiyo kuanzia 3 hadi 15 kwa mwaka ni mtikisiko wa kawaida tu, hakuna genge jipya wala hakuna aliyefanya kazi nzuri. Kwa mji wa namna hiyo chukua wastani wa miaka 3.

Kosa lingine ni kigawanyo. Bado kuna wanaogawa kwa idadi ya watu ya sensa ya 2012. Mji uliokuwa na watu 22,000 wakati ule ukawa na 30,000 kwenye sensa ya 2022, ukitumia ile ya zamani matukio yaleyale 9 yanakupa 41 badala ya 30.

#3 Mkaapazuri
#2, nyumba inayovunjwa ni ya kaya, si ya mtu mmoja mmoja. Kwa nini ugawe kwa watu?

#4 Kipimo
Sahihi kabisa #3. Sensa ya 2022 ilitoa wastani wa watu 4.3 kwa kaya. Watu 30,000 ni kaya kama 6,980, na matukio 9 ni 1.3 kwa kila kaya 1,000. Kwa uporaji wa barabarani gawa kwa watu, kwa pikipiki gawa kwa pikipiki. Na mji wenye gulio kila Jumamosi, siku hiyo una watu wengi kuliko waliohesabiwa, kwa hiyo wizi wa mifukoni ukiugawa kwa wakazi peke yao unawaonea.

#5 Mwanasheria Kijijini
Niongeze jambo ambalo wengi hawalioni. Kuna namba tatu tofauti na kila mtu akisema "kesi" anamaanisha yake.

Ukifika kaunta ukaeleza, unapata RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye daftari la polisi. Kukiwa na cha kuchunguza linafunguliwa jalada la uchunguzi lenye namba ya IR. Likifika mahakamani linapata namba ya kesi. RB nyingi haziwi IR, na IR nyingi haziwi kesi. Mji mmoja unaweza kuonekana na wizi mwingi au kidogo kutegemea aliyesimama kwenye kikao amesoma daftari lipi.

Kubwa kuliko hilo ni taarifa ya upotevu. Aliyeporwa simu anachotaka kesho yake ni laini yake na vitambulisho vyake. Njia fupi ni kujaza kwamba simu "imepotea". Hapo wizi umegeuka upotevu, hakuna jalada wala mshukiwa, na mwisho wa mwaka wizi wa simu umeshuka. Ukiporwa sema umeporwa, omba RB, na taja IMEI, yaani namba ya utambulisho ya simu yenyewe. Namba hiyo piga *#06# leo ukiwa bado na simu, iandike kwenye karatasi, usiihifadhi ndani ya simu hiyohiyo.

#6 Fundi Grili
Naheshimu hesabu, ila mwizi hajui sensa. Anaangalia dirisha. Miji midogo inavunjwa kwa sababu nyumba zimekua haraka kuliko ubora wa madirisha na milango.

Makosa ni yaleyale. Kwanza, nondo za mm 10. Hizo jeki ya gari inazitanua bila kelele mpaka kichwa kinapita. Tumia mm 12, au chuma cha mraba kisicho na uwazi ndani, nafasi ya inchi 4 kati ya moja na nyingine, na flati mbili za kukatiza. Nondo zenyewe zipite kwenye matundu ya flati, si kulala juu yake. Pili, uchomeleaji wa kushikiza doti moja moja ili fundi amalize mapema. Doti inakatika kwa nyundo. Chomelea kuzunguka nondo yote.

Tatu, na hili ndilo linaloua: grili imefungwa kwa skrubu kwenye fremu ya mbao. Mwizi hahangaiki na nondo, anang'oa fremu nzima. Grili inatakiwa iwe na masikio 6, matatu kila upande, yaingie ukutani sentimita 10 na kuzibwa kwa zege kabla ya plasta. Ukiweka baada ya plasta, chimba upya. Usikubali "nitapiga misumari ya zege inatosha".

Maduka ndiyo usiseme: mlango wa chuma wa bei mbaya, juu bati tupu. Wanafunua bati mbili wanashuka. Juu ya silingi weka wavu wa BRC (ule wa chuma wa kuwekea zege) uliofungwa kwenye kenchi.

#7 Mama Sambusa
Asante Fundi. Lakini hata hao wenye nondo wanaibiwa. Siku hizi wanapuliza dawa dirishani, nyumba nzima inalala fofofo mpaka asubuhi, wanaamka na vichwa vizito. Hilo nondo itazuia?

#8 Nesi Zamu
#7 mama yangu, hili la dawa linasemwa sana, na linawafanya watu waache kutafuta sababu halisi.

Chumba cha mita 3 kwa 4 chenye kimo cha mita 2.7 kina hewa mita za ujazo 32. Kuijaza dawa ya usingizi kwa kiasi cha kumlaza mtu mzima kunahitaji dawa nyingi, dirisha limefungwa, na muda. Theatre, chumba cha upasuaji, kuna mtaalamu anayesimama kichwani kwa mgonjwa kwa sababu mstari kati ya kulala na kuacha kupumua ni mwembamba. Ingekuwa inapulizwa ovyo, tungekuwa tunazika watoto kila wiki, na mwizi mwenyewe angeanguka humohumo.

Kichwa kizito asubuhi, uliza kama kulikuwa na jiko la mkaa ndani. Moshi usioonekana wa mkaa unalewesha kweli, na unaua. La sivyo ni usingizi wa kawaida: saa 8 hadi saa 10 usiku ndipo wengi wamezama, feni inavuma, au mvua inapiga bati. Wezi wanapenda sana mvua.

#9 Fundi Grili
Naunga mkono. Na mara nyingi hawaingii ndani kabisa, "wanavua". Fimbo ndefu yenye ndoano inapitishwa kati ya nondo, inatoa suruali yenye pochi, simu iliyo chaji, mkoba. Ndiyo maana asubuhi nondo ni nzima na watu wanasema uchawi. Dawa yake: usiache kitu ndani ya mita 2 kutoka dirishani, na wavu wa mbu uwe wa chuma uliobanwa na fremu, si wa nailoni.

#10 Nyanda wa Kahama
Wakuu mnazungumzia nondo kana kwamba kila nyumba ni ngome. Kilichotuweka salama zamani ni lindo. Serikali ilianzisha sungusungu miaka ile ya 80 na wizi wa ng'ombe ukaisha. Turudishe sungusungu, mjadala ufungwe.

#11 Karani wa Kata
#10 ndugu yangu wa Kahama, wewe ndiye ungetakiwa kuijua hiyo historia kuliko sisi! Sungusungu hawakuanzishwa na serikali. Walianzishwa na wanakijiji wenyewe huko kwenu, upande wa Kahama na Nzega, mwaka 1981 na 1982. Sheria iliwatambua baadaye, kwa marekebisho ya sheria ya mgambo ya mwaka 1989. Polisi jamii na ulinzi shirikishi vilikuja kushika kasi kuanzia 2006, IGP (mkuu wa polisi) akiwa Said Mwema.

Sasa kwa nini lindo linakufa? Pesa. Chukua kitongoji chenye kaya 120, mchango 1,000 kwa mwezi. Wote wakilipa ni 120,000. Walinzi wanne wanapata 30,000 kila mmoja kwa mwezi mzima wa kukesha. Mwezi wa tatu wanalipa nusu ya kaya, ni 15,000. Mwezi wa nne mlinzi analala kwake, na huwezi kumlaumu.

Njia inayodumu ni zamu. Kaya 120, watu 6 kwa usiku, kila kaya inafikiwa mara moja kila baada ya siku 20. Asiyeweza anatoa mtu badala yake au analipa kwa stakabadhi. Bila stakabadhi msichangishe hata shilingi, ndipo ugomvi unapoanzia.

#12 Mwanasheria Kijijini
Na neno "mtaa" mlitumie kwa uangalifu. Mamlaka ya mji mdogo iko chini ya halmashauri ya wilaya, na kisheria imegawanywa kwa vitongoji. Mitaa iko kwenye halmashauri za miji, manispaa na majiji. Si ubishi wa maneno tu. Mwenyekiti wa kitongoji au mtaa hana mamlaka ya kutunga sheria ndogo, kwa hiyo faini ya "asiyekesha alipe 10,000" iliyoamuliwa kwenye mkutano wa jioni haina miguu. Ipelekeni ipite kwenye halmashauri kwanza.

#13 Pwani Huku
Nawafuatilia kutoka Kilifi. Sisi Kenya tumeanzisha Nyumba Kumi, na mwananchi akiripoti anapewa namba ya OB, daftari la matukio la polisi. Tatizo letu ni lilelile: mtu akiona ripoti yake haijamletea kitu, mara ya pili haendi. Labda mje mjifunze kwetu hiyo Nyumba Kumi.

#14 Karani wa Kata
Karibu sana #13, lakini hiyo mmeichukua kwetu! Mabalozi wa nyumba kumi wapo Tanzania tangu enzi za TANU, nyinyi mliianza 2013 baada ya shambulio la Westgate, Nairobi. Tofauti ni kwamba huku balozi ni wa chama, kwa hiyo asiye wa chama hicho anasita kumpelekea jambo. Hilo nalo linakula taarifa.

#15 Pwani Huku
Nimekubali, haki yenu. Ila huku kwetu chifu anakaa kwenye huo mnyororo, na yeye ni mtumishi wa serikali. Ikifika kwake inaandikwa.

#16 Bi Mkanju
Naona mmesahau msimu. Huku Masasi, Newala na Tandahimba, ukitaka kujua wizi utapanda lini, tazama kalenda ya korosho, usitazame taa wala nondo. Kuanzia Oktoba minada inafunguliwa. Tangu stakabadhi ghalani ilipoanza msimu wa 2007/08, mkulima anapeleka AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), na siku hizi malipo yanapitia benki. Nyumba hazina tena magunia ya noti. Pesa zipo kwa wakala, jioni, anapofunga.

Na korosho zenyewe zinaibwa shambani, chini ya mkanju, yaani mkorosho, kilo tano tano. Zinakwenda wapi? AMCOS ghalani wanaandika jina la mkulima, kwa hiyo mwizi anakwenda kwa mnunuzi wa kangomba, yaani wa magendo, anayepima kwa kibaba na haulizi. Ukiondoa kangomba, kijana hana pa kuziuza. Mjadala wote huu mnamtazama anayeiba, hamumtazami anayenunua.

#17 Mwananjia
Hapo #16 umenifungua macho. Mita za maji na nyaya za shaba ni vilevile, haziliwi, lazima kuna skrepa anayepokea.

#18 Mwanasheria Kijijini
Kupokea mali ya wizi ni kosa linalojitegemea, na mnunuzi wa chuma chakavu anajua. Mwambieni aweke daftari: tarehe, jina, namba ya kitambulisho, uzito, aina ya chuma, alikokitoa. Mita ya maji yenye namba asiipokee hata iwe imepondwa.

Lakini niseme kwa nini hata waliokamatwa na mali mkononi wanaachiwa, maana watu wanadhani ni rushwa kila mara. Mahakama ikitaka kumtia mtu hatiani kwa kukutwa na mali iliyoibwa karibuni, mambo manne yathibitike: mali ilikutwa kwake, ni ya mlalamikaji bila shaka, iliibwa muda si mrefu, na ndiyo iliyotajwa kwenye hati ya mashtaka. La pili ndilo linaanguka. Mlalamikaji anasema "ni redio yangu, naijua". Redio za aina ile zipo elfu. Alitakiwa aitaje alama kwenye maelezo yake ya kwanza, kabla hajaonyeshwa: namba ya mfululizo, ufa wa pembeni, herufi alizochora chini ya kifuniko cha betri.

Jingine linaloangusha kesi ni utambuzi wa usiku. "Nilimwona" haitoshi. Taa ilikuwa ya aina gani na ukali gani, umbali wa hatua ngapi, ulimtazama kwa muda gani, ulimfahamu kabla? Ulimtaja jina kwa mtu wa kwanza uliyekutana naye? Ukikaa siku tatu ndipo umtaje, shaka imeingia. Na adhabu si ndogo, kuvunja nyumba ni hadi miaka 14 usiku au mchana.

#19 Mkaapazuri
Marekebisho #18: mchana ni 14, usiku ni hadi 20. Na unyang'anyi wa kutumia silaha haupungui 30, wala hauna dhamana.

#20 Mwanasheria Kijijini
Umenisahihisha vyema, nashukuru. Wizi wa kawaida una dhamana. Ndiyo maana mtu aliyekamatwa Jumatatu unamwona kijiweni Jumatano, na hapo ndipo watu wanapokata tamaa na kuokota mawe. Dhamana si kuachiwa huru. Na jiwe lile ni kesi ya mauaji kwa kila aliyerusha.

#21 TaaSola
Wizi wa usiku ni giza, tusizunguke. Ila taa nyingi za sola zinazowekwa kwa michango ni hasara. Boksi limeandikwa wati 300, paneli ina ukubwa wa karatasi mbili za A4. Paneli nzuri inatoa kama wati 200 kwa mita moja ya mraba, kwa hiyo hiyo ni wati 25 jua la utosi. Zidisha kwa saa 5 za jua kali, toa asilimia 30 inayopotea njiani, unabaki na wati-saa 88. Gawa kwa saa 12 za usiku: wati 7. Ukiiwasha kwa nguvu zote inazima saa 6 usiku, saa mbili kabla mwizi hajatoka kwake.

Nunua yenye kihisi: mwanga hafifu muda wote, mkali mtu akipita. Nguzo mita 5 hadi 6, umbali wa mita 25 kati ya taa na taa. Paneli iinamishwe nyuzi 10 hadi 15 kuelekea kaskazini, sisi tuko kusini mwa ikweta. Wakati wa kiangazi futa vumbi kila mwezi. Na kateni tawi la mwembe kabla ya kulaumu betri.

#22 Nyanda wa Kahama
#11 nimekubali historia, asante. Lakini #21, taa haimkamati mtu. Taa kali moja inatengeneza kivuli cheusi nyuma ya kila ukuta, na aliyeko kivulini anakuona wewe vizuri sana.

Kwenye lindo: watu 6 wagawanyike watatu watatu, njia ibadilike kila usiku. Doria inayopita saa 7 kamili kila siku ni saa ya ukutani ya mwizi. Filimbi ziwe na lugha, moja ndefu "nipo", mbili "njooni", tatu fupi "amekimbia, zibeni njia". Reflekta lazima, msije mkapigana wenyewe. Daftari liandikwe saa ya kuingia na kutoka. Mkimkamata mtu msimpekue, msimvue viatu, msiguse mali aliyoibeba, pigeni 112 na kwa mkaguzi wa kata. Wakifika, andikeni saa ya kumkabidhi na nani kampokea. Wawili kati yenu wakubali hapohapo kutoa maelezo.

#23 Mama Sambusa
Nimesoma la #8, nimekubali upande wa mkaa. Swali: simu ikiibwa, hela za kwenye simu zinaokolewaje? Hicho ndicho kinachotutoa machozi siku hizi.

#24 Mkaapazuri
Kwanza piga 100 kwa simu ya jirani ya mtandao huohuo, wafunge laini na akaunti ya pesa. Dakika za mwanzo ndizo zenye thamani. Ndipo uende kuchukua RB, kisha kurudisha laini kwa alama za vidole. Mapema, weka PIN kwenye laini yenyewe, si kwenye simu tu. Mwizi huitoa laini, anaiweka kwenye simu nyingine na kupokea ujumbe wa namba za siri. Laini yenye PIN inamgomea, akikosea mara tatu inajifunga. Kagua pia *106# kama kuna laini usiyoijua iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako. Meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" tuma namba ya tapeli kwenda 15040.

#25 Kipimo
Kurudi kwa #1. Kama kaunta haitoshi, kitongoji kihesabu chenyewe. Daftari moja kwa mwenyekiti, safu tano: tarehe na saa, eneo, kilichoibwa, kama kiliripotiwa na namba ya RB, na anayeshukiwa. Baada ya miezi 6 linganisheni na ya kituoni. Hapo tutajua ni wangapi wananyamaza, na kama ni msimu wa Bi Mkanju au giza la TaaSola.

#26 Karani wa Kata
Safu ya tano hapana, mkuu. Daftari la kitongoji linasomwa na kila anayekuja kugonga muhuri. Jina likikaa humo wiki mbili, kuku wa kwanza atakayepotea, huyo kijana hatafika kituoni akiwa hai. Jina analitaja mlalamikaji mwenyewe, kwenye maelezo yake polisi.

#27 Kipimo
Nimeiona hatari. Safu ya tano iwe mwanya alioingilia: dirisha, mlango, paa, uzio, au amevua. Fundi Grili, nisaidie orodha kamili.

#28 Fundi Grili
Ongeza "mlango haukufungwa". Utashangaa.